Miaka 26 Baba alipita getini bila kuingia

Msomaji wangu mpenzi, kuna swali moja ukinibana nalo leo sina jibu. Nimekaa Arusha zaidi ya miaka 30. Nimekwenda Dar kwenye harusi za watu nisiowajua hata majina. Nimekwenda Nairobi kununua viatu, nikavikuta vile vile Soko la Kilombero kwa bei ya chini. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, kilomita 126 tu kutoka hapa mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari zima, sikuwahi kutia mguu. Kila nikikumbuka nasema: mwakani.

Huenda hata mwaka huu nisingekwenda. Kilichonipeleka ni kikombe cha chai kilichomwagika. Tulia nikusimulie.

DEREVA HAKOSI JIBU

Mzee wangu alikuwa dereva wa basi. Alianza njia ya Arusha hadi Mbulu mwaka 1972 na akarudisha funguo kwa tajiri wake mwaka 1998, baada ya mvua za El Nino kuichana barabara mpaka akasema sasa yatosha. Piga hesabu mwenyewe, miaka 26. Enzi hizo lami ya kutoka Makuyuni kwenda juu haijafika. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na abiria wote wanashuka kusukuma, hata bwana harusi.

Basi likitoka Mto wa Mbu linapita mbele ya geti la hifadhi, maana geti lenyewe liko pale pale chini ya mlima. Likishapita linaanza kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kwa gia namba moja, likilia kama mtoto aliyenyimwa sukari. Likifika juu Mzee anasimama kupooza injini. Abiria wanashuka, wanaume upande huu, akina mama upande ule. Wakimaliza shughuli zao wanasogea ukingoni kutazama.

Na pale bwana pana cha kutazama. Ziwa lote liko chini yako, limelala bapa kama sinia. Huku msitu wa kijani, huku tambarare, na kwenye kingo za maji, miaka mingine, kuna mstari wa pinki umejipinda kama ushanga.

"Dereva, ile pinki ni nini?"

"Magadi hayo. Yanaiva kwa jua."

Abiria wanatikisa kichwa, wanapanda basi, safari inaendelea. Ukweli ni kwamba Mzee hakuwa anajua. Alitunga jibu wiki ya kwanza ili asionekane mshamba mbele ya abiria wake, na ukishasema jambo wiki ya kwanza, wiki ya pili utageuka vipi? Baadaye alisikia watu wa Mto wa Mbu wakisema kwamba wale ni ndege. Akauchuna. Akabaki na magadi yake mpaka anastaafu.

Na geti? Hajawahi kuingia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Kule ni kwa wazungu, wana dola zao. Mimi nina ratiba."

CHAI ILIYOMWAGIKA

Mwaka jana tukaanza kuona vituko nyumbani. Ukimpa Mzee kikombe kutokea ubavuni, mkono wake unapita hewani na chai inakwenda chini. Anagonga meza, anagonga mlango, siku moja akajikwaa kwa mbuzi. Anamfokea mama, "Nani kaweka stuli hapa?" Stuli yenyewe iko pale tangu tumezaliwa. Sisi watoto tukawa tunacheka, tunasema uzee huo. Naandika hili kwa aibu, maana tulicheka karibu miezi minane.

Tulipompeleka kwa daktari wa macho aliwekwa kidevu kwenye mashine, akaambiwa abonyeze kitufe kila akiona kinyota cha mwanga. Mzee akakaa kimya na kitufe chake mkononi. Dakika zinapita. Nikajua mashine imekufa. Kumbe vinyota vilikuwa vinawaka kama kawaida, ila yeye hakuviona.

Ugonjwa unaitwa glakoma. Mtaani tunasema presha ya macho. Usiuchanganye na mtoto wa jicho, ambaye kwa wengi anaondolewa kwa operesheni na mtu akaona tena. Huu unakula mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Unakula polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kwa kawaida unaanzia pembeni kabla ya kuja katikati. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa nao miaka mingi bila kujua. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone ya kila siku kazi yake ni kulinda kilichobaki.

Kilichobaki kwa Mzee ni katikati. "Naona kama natazama ndani ya bomba," alisema. Uso wako anauona vizuri, masikio yako hayaoni.

Kabla hatujatoka daktari akanigeukia mimi. "Na wewe na ndugu zako mje mpimwe. Huu unatembea kwenye ukoo." Nikamwambia sawa daktari, mwakani.

Kwenye gari Mzee alikuwa kimya mpaka karibu na nyumbani. Nikamuuliza kama kuna kitu anakitaka. Nilidhani atataja shamba, au deni la mtu fulani. Akasema: "Nataka nikayaone yale magadi kwa karibu. Wakati bomba halijaziba."

Msomaji, nilichoka kabisa.

KUKU NI GHALI KULIKO HIFADHI

Nilichogundua kwanza ni kwamba ile hadithi ya "kule ni kwa wazungu" tulijitungia wenyewe. Mgeni kutoka nje analipa kwa dola, ni kweli. Mtanzania analipa kwa shilingi, na kiingilio cha mtu mzima hakifikii bei ya kuku wa kienyeji. Kinachouma ni gari. Ukiwa na lako imara unaingia nalo. Ukiwa huna, ungeni watu watano au sita mkodi moja. Mimi nilikodi lile la paa la kufunguka, pamoja na dereva wake ambaye pia ni muongozaji. Nikasamehe suti niliyokuwa naiwekea pesa ya Krismasi.

Tulikuwa wanne. Mimi, Mzee, kijana wa gari, na kitinda mimba wangu, binti wa miaka tisa ambaye babu yake humwita "mchumba". Alibeba daftari la shule na kitabu cha ndege tulichoazima kwa jirani. Mama alikataa kuja. Alisema nyani yeye anawaona bure wanamlia mahindi shambani, hawezi kuwalipia.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Tangu Kisongo mpaka Makuyuni Mzee alikuwa anamfundisha kijana wa watu kuendesha. "Kona hii punguza. Hapo zamani palikuwa na shimo." Kijana akawa anajibu, "Sawa Mzee, shikamoo Mzee," mara sita. Saa kumi na mbili na nusu tukafika getini. Mzee akashuka, akaligusa geti kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe unaingia tu."

MSITU USIONGOJA MVUA

Ukipita geti tu unaingia msituni, na si kichaka, ni msitu kweli. Mikuyu na mikangazi mikubwa, giza, baridi, vijito vinakatiza barabara. Mgeni akiingia hudhani mvua hapa hainyeshi mchezo. Wala. Kijana wetu alitueleza kwamba mvua inanyesha huko juu, kwenye nyanda za Ngorongoro na Mbulu. Maji yanazama kwenye mawe yaliyotokana na volkano, ambayo yana matundu kama sifongo, yanasafiri chini kwa chini na kutokea hapa miguuni mwa ukuta wa bonde kama chemchemi. Miti inakunywa kwa mizizi, haina haja ya kungoja mawingu. Na watu wa Mto wa Mbu nao wanakula kwa maji hayo hayo yatokayo mlimani. Mpunga ule na zile ndizi nyekundu unazonunua dirishani mwa basi vinatoka humo.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1960, na mwaka 1981 eneo hili likaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Kwa miaka mingi vitabu viliandika ukubwa wa kilomita za mraba 330, na ziwa likijaa, sehemu kubwa ya hizo inakuwa maji. Ndege walioorodheshwa ni karibu aina 400. Yaani mahali padogo, ila pamepangwa kama duka la Mpemba: msitu, tambarare, kinamasi, ziwa, miti ya migunga na ukuta wa mlima, vyote pamoja. Kila ndege anapata chumba chake.

Tukasimamisha gari. Nikampa Mzee darubini. Akaitazama, akanirudishia. "Mimi tayari natazama kwa darubini, mwanangu. Hii ya pili ya nini?" Sikujua nicheke au nifanyeje. Yeye akacheka, na sisi tukacheka.

Kisha akanyanyua kidole. "Nyamazeni. Kuna lori linapita juu."

Juu ya miti kulikuwa na mlio wa upepo, vuu, vuu, vuu, kama mtu anayepepea mkaa kwa kipande cha boksi kubwa. Kijana akatabasamu. "Hondohondo huyo, Mzee. Mabawa yake." Dakika mbili baadaye tukawaona, wawili, weusi wenye midomo mikubwa iliyobeba pembe nyingine juu, wanakula kuyu. Mimi nisingewasikia. Nilikuwa nashughulika na chupa ya chai.

Binti akafungua daftari lake, akaandika: 1. Hondohondo. Babu yake akamuuliza, "Umemwandika kwa sababu umemwona au kwa sababu nimemsikia?" Mtoto akamgeukia kijana wa gari. Kijana akasema, na hii ilikuwa mpya kwangu, kwamba watu wanaosafiri dunia nzima kutafuta ndege huhesabu hata waliowasikia tu. Masharti ni uwe na hakika na sauti.

Mzee akajiweka sawa kwenye kiti. Nikamwona amebadilika. Kuanzia pale alikuwa kazini.

VIBOKO NA MASWALI YA KITABU

Ukitoka msituni upande wa kaskazini mwanga unakupiga usoni. Ni tambarare, na penye maji ya kijito wamejaa viboko, wamelala kama mawe yaliyopakwa mafuta. Mnyama ana uzito wa zaidi ya tani moja, mchana kutwa anaoga, usiku anatoka kwenda kula majani. Binti akasema huyo ana maisha kama ya mjomba wake. Sitamtaja ni nani, anajijua.

Pembeni ya viboko palikuwa na soko la ndege. Yangeyange weupe. Kongoti, yule mwenye kipara na mfuko shingoni anayependa madampo ya mjini, huku naye amevaa vile vile kama mchungaji asiye na waumini. Mwari wenye mifuko chini ya midomo, wanazamisha vichwa kwa pamoja kama wanaopiga kwata. Mdiria mweusi kwa mweupe anasimama hewani, anapiga mabawa bila kusogea, halafu anadondoka majini kama jiwe na kutoka na samaki.

Hapa kitabu cha jirani kikaleta ugomvi. Kimeandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Binti anasoma jina, ulimi unamgonga. Mzee anamwambia, "Mchumba, huyo mwari. Huyo kwarara. Yule anayelia huko mbele ni furukombe, hata sihitaji kumwona." Na kweli ule mlio wa tai mla samaki ukiusikia mara moja husahau, anautupa huku amerudisha kichwa nyuma. Nikamuuliza Mzee alijifunzia wapi. Akasema utotoni, kuchunga. Akaongeza kwamba miaka yote ile alikuwa anaendesha dirisha wazi.

Kumbe basi lile lilikuwa na masikio.

MAGADI YENYE MABAWA

Ziwa Manyara halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayanyonya, chumvi na magadi vinabaki. Kina chake ni kifupi mno, mita chache tu hata likijaa. Ndiyo maana linabadilika kila mwaka. Mvua zikizidi linameza barabara, na ukame ukikaza linarudi nyuma na kuacha uwanja mweupe. Kijana alituonyesha pia udongo mwekundu unaoletwa na vijito kutoka mashamba ya juu, unajaza ziwa kidogo kidogo. Wataalamu wameulalamikia muda mrefu. Mzee akauangalia akasema, "Huo udongo naujua. Nimeumeza miaka 26."

Sasa ikaja ile safari yenyewe. Heroe, au flamingo kama wengi tunavyomwita, hana ratiba. Chakula chake ni vimelea vya kijani vinavyoota kwenye maji ya magadi. Maji yakibadilika, vimelea vinapungua, na heroe anahama usiku kwenda ziwa jingine, Natron, Nakuru, Bogoria, popote. Kijana alikuwa ametuonya tangu getini: wiki mbili nyuma hakuwaona kabisa. Mimi moyoni nikawa naomba dua. Suti imekwenda, Krismasi imekwenda, jamani hata mmoja.

Tukashuka kwenye sehemu inayoruhusiwa, upepo unanuka magadi na mavi ya ndege. Mimi sikuona kitu, ukungu wa joto tu unacheza juu ya maji. Kijana akaweka darubini machoni, akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia, akasimama. Akamwita Mzee. Akamshika mabega akamgeuza taratibu, kama unavyomwelekeza mtu anayerudi nyuma na lori. "Hapo Mzee. Usisogee. Sasa hii darubini chukua, safari hii inafaa."

Mzee akaichukua. Akakaa nayo muda mrefu. Sisi kimya.

"Wana miguu," akasema.

Walikuwa mia kadhaa hivi, si yale malaki ya kwenye kalenda. Wamejipanga kwenye maji ya kina kifupi, shingo chini, vichwa vimegeuzwa juu chini, wanachuja maji kwa mdomo kama mama anayechuja tui. Rangi ile ya pinki wanaipata kwenye chakula, kifaranga anazaliwa wa kijivu. Heroe wadogo walio wengi duniani, kama robo tatu yao, wako Afrika Mashariki hii, na mahali pao pakuu pa kuzalia ni Ziwa Natron, hapo hapo kaskazini kwetu. Wanajenga viota vya tope katikati ya maji makali ambayo adui wengi hawathubutu kuyakanyaga. Ina maana ndege anayepamba kadi za posta za Kenya, kuna uwezekano mkubwa kitovu chake kimezikwa Tanzania.

Halafu kitu kikawashtua. Wakainuka kundi zima, na chini ya mabawa kumbe kuna wekundu na weusi ambao ukiwa mlimani huuoni. Wakazunguka, wakapita mbele yetu wakilia kama mabata kwenye kikao. Mzee alijaribu kuwafuata kwa darubini, wakatoka nje ya bomba lake, akawapoteza. Akashusha darubini. Nikadhani anaumia. Akafumba macho kabisa, akawasikiliza mpaka walipotua.

"Nimewadanganya abiria miaka 26," akasema. Akaanza kucheka mpaka machozi. Sikuuliza yalikuwa machozi ya nini.

SIMBA WA JUU YA MITI

Najua mnangoja simba. Manyara ina sifa duniani kwa simba wanaopanda miti. Kwa nini wanapanda, kila mtu ana lake. Wengine wanasema wanakimbia nzi, wengine wanasema wanatafuta upepo, wengine wanasema huko juu wanaona mbali. Simba wenyewe hawajatoa tamko. Si wa hapa tu, hata Ishasha kule Uganda wapo wenye tabia hiyo. Sisi tulikagua kila mgunga wenye tawi la kulala mpaka shingo zikauma. Hatukumwona hata mkia.

Tembo ndiyo tulimwona, karibu kuliko nilivyotaka. Katika bonde hili, kwenye Mto Ndala, ndipo Iain Douglas-Hamilton alipoweka kambi miaka ya 1960 akawasoma tembo mmoja mmoja kwa sura na masikio yao, kazi iliyofungua njia kwa watafiti wengi wa tembo waliofuata. Baadaye ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana. Tulipokuwa tunakata kona Mzee akasema, "Kijana, simama. Kulia kuna mtu anavunja kuni." Kijana akasimama. Sekunde chache, kichaka cha kulia kikafunguka, akatoka mama tembo na mtoto wake, wakavuka mbele ya boneti bila hata kutusalimia. Kijana wa gari akatoa kofia. "Mzee, njoo tufanye kazi wote."

Kulia, msomaji wangu. Upande ambao Mzee haoni hata kikombe cha chai.

UKITAKA KWENDA

Nisikuchoshe. Nenda asubuhi sana, ndege huamka kabla ya watalii. Kati ya Novemba na Aprili utakuta na wageni waliokimbia baridi ya Ulaya, ila masika barabara zinaweza kukusumbua, uliza kwanza. Vaa rangi za kutulia, acha ile fulana nyekundu ya timu yako. Darubini azima. Pandeni gari mmoja amsikilize mwenzie, maana ukiongea habari za siasa utaondoka hujasikia hata njiwa. Ukiwa na ujasiri kuna daraja la kamba juu ya miti, zaidi ya mita 300, unatembea usawa wa hondohondo. Mzee alilikataa, alisema yeye ni mtu wa magurudumu.

Na chakula kaa nacho ndani ya gari. Nyani wa Manyara hawaibi, wananyang'anya. Nilishuka na mfuko wa maandazi, nikabaki na mfuko.

Mheshimiwa yeyote anayehusika na ndege akisoma hapa, ombi langu ni moja. Tuandikieni kitabu kidogo cha ndege wa Manyara kwa Kiswahili, cha bei ya daftari, kabla wazee wanaojua majina hawajatutoka.

HESABU YA MWISHO

Jioni binti alifunga daftari. Aina 43. Kati ya hizo, 7 zimeandikwa herufi S pembeni, maana yake sauti, na zote 7 ni za babu yake. Mimi mwenye macho mawili mazima nilichangia kunguru.

Wiki iliyofuata nilikwenda kupimwa macho, nikawaburuta na wadogo zangu wawili. Mimi nimeambiwa niko salama kwa sasa, nirudi kila mwaka. Mdogo wangu mmoja ameanzishiwa matone. Ana miaka 41 na hakuwa amegonga hata stuli. Kama kwenu kuna mzee anayemwaga chai, usicheke. Mpeleke, na wewe ukae kwenye foleni.

Mzee naye alikuwa na deni lake. Alimtafuta kwa simu konda wake wa zamani, yuko Karatu, naye sasa ni mzee wa kanisa. Akaweka sauti kubwa wote tusikie.

"Konda, nina jambo la kukuungamia. Yale hayakuwa magadi. Ni ndege."

Upande wa pili kimya, kisha kicheko.

"Dereva wangu, mimi nilijua tangu mwaka 1975. Niliogopa kukuaibisha mbele ya abiria."

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima. Na wewe uliyesema utakwenda mwakani, mimi simo.